Mgongo ukiuma akili nayo inayumba: namna ya kujilinda siku za maumivu

Mwezi wa saba mwaka juzi, ile baridi ya Mbeya ya kufungua kibanda umejifunga skafu mpaka puani, alikuja mama mmoja anauza ndizi za Tukuyu akanipa laki mbili na themanini nimuwekee kwenye simu. Mi ni wakala wa miamala pale Mwanjelwa. Nikahesabu vizuri, noti zote sawa, afu kwenye simu nikaandika laki nane na ishirini, nikaweka namba ya siri, ikaenda. Sikushtuka hata kidogo. Kama robo saa hivi mama karudi anahema, kumbe kafika stendi ndo kaisoma meseji, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe unaumwa. Hebu kaa chini." Nilikua nimesimama kwa sababu kukaa ndo kulikua kunaniua, kiuno tangu nianguke na bodaboda mwezi wa nne kilikua hakijakaa sawa, na asubuhi ileile nilikua nimemfokea mdogo wangu anayenisaidia kibandani mpaka akaondoka analia, kisa kachelewa kuleta chenji.

Hela zilirudi zote, Mungu ambariki yule mama popote alipo. Kilichonikaa moyoni ni kwamba yeye aliona maumivu usoni kwangu na mi mwenyewe nilikua siyaoni. Nilijua kiuno kinauma, ila sikujua kwamba kiuno ndo kinanihesabia hela siku hizo, na kiuno ndo kinaongea na mdogo wangu.

Tangu hapo nimesoma sana hii habari, nimewauliza madaktari na mtu wa mazoezi tiba aliyenisaidia, na mengine nimeyajaribu mwenyewe. Naandika kwa yeyote mwenye kiuno, magoti, kipandauso, jino, baridi yabisi, tumbo la mwezi, chochote kile kinachouma mpaka unajishangaa umekua mtu mwingine.

Kwanza elewa kinachotokea maana usipoelewa utajiona mjinga au mtu mbaya. Maumivu hayaishii pale panapouma. Mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, uti wa mgongo unapeleka kwenye ubongo, na kule kwenye ubongo hakuna chumba kimoja cha maumivu. Taarifa inasambaa sehemu nyingi, na baadhi ya sehemu hizo ndo zilezile zinazoshughulika na hofu, na umakini, na kukumbuka, na kuamua. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, mwaka 2020 waliporekebisha maana ya neno maumivu waliacha ndani yake mambo mawili pamoja, hisia ya mwili na hisia ya moyo. Yani huo uchungu wa moyoni ni sehemu ya maumivu yenyewe, haujaongezwa na udhaifu wako.

Afu kazi ya maumivu ni kukushtua. Mwili unakuambia acha vyote niangalie mimi. Hiyo ni nzuri ukikanyaga moto, mbaya ukiwa unahesabu hela. Ni kama unahesabu noti na pembeni kuna mtu anaita jina lako kila sekunde mbili bila kunyamaza, utahesabu ndiyo, lakini utarudia, utaruka, utachanganya 28 na 82, na mtu wa tatu akija kukuuliza kitu utamjibu vibaya. Nafasi ya kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi ni ndogo kwa kila binadamu, maumivu yanakaa humo humo na kodi hayalipi.

Kitu kingine ambacho kilinifungua macho, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Henry Beecher aliwahudumia askari majeruhi kule Italia kwenye vita kuu ya pili, na mwaka 1946 akaandika kwamba wengi wao wenye majeraha makubwa kabisa hawakuomba dawa ya maumivu. Baadae akalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji, hao waliomba zaidi. Yeye aliona sababu ni maana ya lile jeraha, kwa askari jeraha lilimaanisha ametoka vitani mzima, anarudi nyumbani. Hata sisi huku tunalijua hilo, mtu anajikata na panga shambani mvua inamkimbiza, anamaliza kufunga mzigo ndo anaona damu. Na mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, wakaeleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, linaweza kufunguka zaidi au kufunga kidogo. Ndo maana ukijigonga kidole unakisugua bila kufundishwa na mtu na kinapoa kidogo. Hofu, hasira, kukosa usingizi vinalisukuma geti lifunguke. Joto, kuchuliwa, kutulia, kuwa na mtu unayemwamini vinalisukuma lifunge. Kwahiyo njia ni ya pande mbili, maumivu yanavuruga moyo na moyo ukivurugika maumivu yanazidi, na hapo ndo pana matumaini kwa sababu kama huwezi kushika upande mmoja unaweza ukashika upande wa pili.

Haya sasa tufanye nini.

Anza na kujijua. Kila mtu ana dalili yake ya kwanza kwamba maumivu yameshapanda kichwani, na mara nyingi hutaiona wewe, ataiona unayeishi nae. Muulize leo. Mi nilimuuliza mke wangu, bila kufikiri akasema "ukianza kujibu kwa neno moja na ukisema redio izimwe, nakujua." Mimi kwa upande wangu niligundua nasoma namba ya simu mara tatu na bado siishiki. Mwingine anasahau sufuria jikoni, mwingine analia bila sababu, mwingine anakua mkimya mnadhani amenuna. Ukishaijua hiyo dalili yako umepata kitu kikubwa sana, maana siku ikitokea unajiambia haya ni maumivu, sio mimi, na wala sio huyu aliyesimama mbele yangu.

Nunua daftari dogo. Hili usilipuuze hata kama huna mazoea ya kuandika. Asubuhi na jioni andika namba ya maumivu kuanzia 0 mpaka 10, sifuri hakuna kitu na kumi ni makali kuliko unavyoweza kufikiria, hospitali nao wanatumia hivyohivyo. Pembeni andika umelala masaa mangapi, moyo ulikuaje, na kosa gani umefanya siku hiyo. Neno moja moja inatosha. Mi baada ya wiki mbili nikaona kitu ambacho hakuna mtu angeniambia, makosa yangu ya floti, yani hela ya wakala iliyo kwenye simu, karibu yote yalikua siku ambazo namba ilikua sita kwenda juu na usiku wake nimelala chini ya masaa matano, na yalikua mchana baada ya saa nane. Asubuhi hata nikiwa na sita nilikua nafanya vizuri. Basi nikahamisha miamala mikubwa yote iwe asubuhi, wateja wangu wa viazi wa Uyole nikawaambia waje kabla ya saa sita, mchana nauza vocha na kusajili laini basi. Kiuno hakikupona kwa hilo lakini hela ziliacha kupotea.

Siku ya namba kubwa usiamue jambo kubwa. Usiuze shamba, usiache kazi, usimjibu shemeji kwenye kundi la familia, usitume meseji ya kuvunja uchumba. Mtu mwenye maumivu anataka jambo liishe, sasa hivi, kwa njia yoyote, maana ndani yake anatamani maumivu yaishe na akili inachanganya hivyo viwili. Mi nina sheria ya kulala kwanza, jambo lolote ninaloona lazima nilimalize leo wakati namba iko saba, linalala mpaka kesho asubuhi. Kama ni la hela na haliwezi kusubiri basi namba naitamka kwa sauti, mteja anairudia, ndo nabonyeza. Kusema kwa sauti kunasaidia kweli, sikio linakamata ambacho jicho limeruka. Dereva, fundi umeme, mtu anayepanda juu ya bati, nyie nawaomba kabisa siku ya namba kubwa msilazimishe, hapo kosa sio la floti.

Waambie watu namba. Huku kwetu tumelelewa kuvumilia, mwanaume halalamiki, mwanamke anaambiwa amezoea uchungu, kwahiyo tunabaki na njia mbili tu, kunyamaza au kulipuka. Namba inakupa njia ya tatu. Mi naingia nyumbani nasema "leo saba," basi. Mke wangu hahitaji maelezo, watoto wanajua baba leo hachezi mpira ila anaweza kusikiliza hadithi. Na mdogo wangu nilimuomba msamaha, nilimwambia "dogo, ile asubuhi nilikuonea, chenji haikua shida, nilikua naumwa na nikakutupia wewe." Akasema "we bro si ungeniambia tu." Maneno yake matano hayo yamenifaa kuliko dawa nyingi. Maumivu yanaeleza kwanini umefoka, hayakuondolei deni la kuomba msamaha, usiyageuze kuwa kibali cha kutukana watu nyumbani.

Sasa mtego mkubwa ambao karibu wote tunaingia ni siku nzuri. Umeamka namba iko mbili, jua la Mbeya limetoka, unasema leo namaliza yote, unapalilia, unahamisha magunia, unafua mablanketi ya nyumba nzima, kesho yake umelala siku tatu na moyo uko chini kuliko mwanzo kwa sababu ulishaamini umepona. Mtu wa mazoezi alinifundisha nipime kwa saa, nisipime kwa maumivu. Yani kama unajua ukiinama nusu saa kiuno kinaanza, basi fanya dakika ishirini uache hata kama hujasikia kitu, simu iwekee alamu, pumzika, badilisha mkao, rudi tena. Kila wiki unaongeza kidogo. Na usiende upande wa pili wa kulala kitandani wiki nzima, kwa maumivu ya kawaida ya kiuno kulala sana kunadhoofisha misuli na kunakupa muda wa kuwaza mabaya, kutembea taratibu hata mpaka kwa jirani na kurudi ni bora.

Usiku upewe heshima yake. Ukikosa usingizi kesho maumivu yanakua makali zaidi na hasira inakua karibu, na maumivu yakiwa makali usingizi hauji, ni mzunguko. Baridi ya huku inakaza misuli, kwahiyo mi natumia chupa ya maji ya moto nimeizungushia kanga naiweka kiunoni kama dakika kumi na tano, mto katikati ya magoti nikilala ubavu. Na nikiamka saa nane usiku sipambani, nahema, navuta pumzi kwa kuhesabu nne natoa kwa kuhesabu sita, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, inatuliza moyo unaokimbia. Tafadhali sana, nyie wa Makete na Njombe na Iringa kwenye baridi kali, na sisi wa Mbeya pia, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga milango ili mgonjwa apate joto. Ile sumu ya mkaa haina harufu wala haionekani, mnalala hamuamki. Chupa ya maji ya moto inatosha.

Kuhusu dawa niseme kwa makini. Parasetamoli kwa mtu mzima ni kubwa zaidi gramu nne kwa masaa ishirini na nne, yani vidonge nane vya miligramu 500 na sio zaidi, na wenye ini bovu au wanaokunywa pombe sana wanatakiwa chini ya hapo, waulize. Angalia na dawa za mafua maana nyingi zina parasetamoli ndani, unajikuta umezidisha hujui. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia lakini zinachimba tumbo, zinasumbua figo na presha, usile zote mbili pamoja, usile tumbo tupu, usizifanye chakula cha kila siku bila daktari, na mjamzito asizitumie bila kuuliza. Wenye kichwa, ukimeza dawa za maumivu siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi zenyewe zinaweza kuanza kukuletea kichwa. Tramadol, dawa kali ya maumivu, ndo naiogopa zaidi, inatia uraibu, inaweza kuleta degedege, na ukichanganya na pombe inaweza kuzima pumzi. Najua wengi huku wanatuliza maumivu na ulanzi au bia, unapata ahueni ya masaa mawili afu unalala vibaya na kuamka na moyo mzito. Na daktari akikuandikia amitriptilini usichukie ukadhani amekuona una wazimu, ni dawa ya sonona ndiyo, ila kwa dozi ndogo inatumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Kuna mawazo yanayokuja na maumivu ambayo yanafanana na ukweli. "Nitakua kilema." "Hakuna mtu ananijali." "Kuna mkono wa mtu." Hili la tatu nalisema kwa heshima maana nimeshaliona likivunja familia, mtu akiumwa muda mrefu akili inatafuta mkosaji, na aliye karibu ndo anakua mkosaji, mama mkwe, jirani, mke mwenza. Nilifika huko. Nilimtilia mashaka mtu aliyekua ananiletea uji. Kinachonisaidia ni kuliandika lile wazo kwenye daftari na namba ya maumivu ya saa hiyo, halafu nalisoma namba ikishuka. Mara nyingi namba ikiwa tatu lile wazo linakua jepesi kabisa. Kusali sali, mi nasali pia, na mchungaji wangu ndo alinisukuma nirudi kliniki.

Ila kama zaidi ya wiki mbili karibu kila siku huoni raha ya kitu chochote, huli, unajiona mzigo, hiyo imeshaweza kuwa sonona, na sonona na maumivu ya muda mrefu vinatembea pamoja sana. Inatibika, iseme hospitali. Na kama unawaza kujidhuru au ni bora usiwepo, mwambie mtu leo, mtu wa kukaa na wewe, na muende hospitali pamoja, msisubiri asubuhi.

Wewe unayeishi na mwenye maumivu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimwambie "mbona jana ulikua unacheka," jana alikua mbili leo ni nane. Usimuulize "unaendeleaje" kila dakika maana unamrudisha kwenye maumivu, muulize namba mara moja, halafu ongea nae habari nyingine kabisa, mpira, mazao, nani kaoa. Akikufoka jibu kwa sauti ndogo, ukiweza ondoka urudi na chai. Na wewe pia unachoka, pata mtu wa kukupokea.

Zipo dalili ambazo hazitaki daftari, zinataka gari. Kiuno kinauma na mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au choo, au ganzi pale unapokalia, au miguu inaishiwa nguvu. Kichwa kimeuma ghafla kuliko siku zote za maisha yako, au kinauma na homa na shingo imekaza, au uso umeenda upande na maneno hayatoki. Kifua kinabana kuelekea mkononi au kwenye taya. Mgongo unauma wiki nyingi na usiku unaloa jasho, unakonda, una homa, hiyo wakupime TB ya mifupa, TB haikai kwenye mapafu tu na matibabu yake kwenye vituo vya serikali ni bure. Na hili hasa kwa wazee wetu, maumivu yanaweza kumfanya mtu asahau na awe mkali, lakini ghafla asijue yuko wapi au asimtambue mtoto wake, hiyo inataka kupimwa haraka. Ukiona hivyo usiseme ni uzee na magoti yanamsumbua, mpeleke.

Ukienda kwa daktari nenda na lile daftari. Mara ya kwanza mi nilienda nikasema "kiuno kinauma," nikapewa vidonge nikaondoka, dakika tatu. Mara ya pili kwenye hospitali nyingine nikasema kiuno kinauma miezi mitatu na zaidi, nalala masaa manne, nachanganya namba kazini, nafokea watu, na hii hapa nimeandika. Yule dada daktari alifungua kurasa zote kimya kimya, akavuta kiti, akaniuliza, "Haya baba, tuanze na usingizi. Ukiamka saa nane usiku, unawaza nini?"